Sambusa Kumi na Mbili Kwenye Foleni ya Dover

Mke wangu alinifungia sambusa kumi na mbili za nyama na chupa ya chai ya maziwa. Kabla hatujafika hata nusu ya njia ya kwenda Dover, bandari ya Uingereza inayotazamana na Ufaransa, dereva mwenzangu akauangalia ule mfuko na kuniambia kwamba vyote viwili ni haramu. Haramu ya forodha, si ya dini. Tangu Januari 2021, Uingereza ilipotoka kabisa kwenye soko la Ulaya, dereva anayevuka haruhusiwi kuingia Ufaransa na nyama wala maziwa, hata kikiwa ni chakula chake mwenyewe cha usiku. Mwezi huohuo madereva walinyang'anywa mikate yao ya nyama bandarini Uholanzi mbele ya kamera za televisheni, na picha zile zikazunguka dunia.

"Foleni ya leo haipungui saa mbili," akasema mzee. "Tutavimaliza."

Huyu mzee ni Mwingereza wa Hull. Wakati huo, Februari 2022, alikuwa na miaka 67, na alikuwa akivuka kwenda Calais, bandari ya Ufaransa ng'ambo ya Dover, tangu 1976. Kumwita mzee ni mimi. Nilipomweleza kwamba kwetu ni neno la heshima alicheka sana, akasema kwao ukimwita mtu hivyo jiandae kwa ngumi. Yeye huniita "kijana", na mimi nina miaka 44 na mtoto anayevaa viatu vyangu. Tulipangwa wawili kwenye kabini moja yenye vitanda viwili, tela likiwa na mapaleti 26 ya kwenda Lyon. Mapaleti hayo yalikuwa ya wenye mali kumi na mmoja tofauti, kila mmoja na karatasi zake. Wenye mali kumi na mmoja. Nitawarudia baadaye, maana wao ndio waliotulaza nje.

Dover ikijaa, malori yanazuiwa kuingia mjini. Unapangwa upande wa kushoto wa barabara ya A20, unasubiri taa ikuruhusu kusogea, unasogea kidogo, unasimama tena. Zile jabali nyeupe ambazo watalii huzipiga picha huzioni usiku; unachoona ni taa nyekundu za tela la mbele. Hapo ndipo tulipofungua mfuko. Mzee alikula sambusa saba. Ya nane aliishika, akaniangalia, akairudisha. Chai tuliinywa yote, na kikombe cha mwisho tulilazimishana kama watu wanaoharibu ushahidi.

Foleni ile ilimkumbusha Krismasi ya 2020. Ufaransa ilifunga mpaka kwa saa 48 kwa hofu ya aina mpya ya kirusi cha korona, na maelfu ya malori yakakwama Kent, mkoa wenye Dover, mengine yakiwa yamepangwa kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa Manston yakisubiri madereva wapimwe. Yeye alikuwamo. Anasema kilichomuudhi zaidi ni vyoo, akanieleza kwa kirefu kwa nini, na mimi nitakuepusha na hilo. Kilichomfurahisha ni Masingasinga waliofika na chakula cha moto kilichopikwa kwenye hekalu lao la Gravesend. Nikamwambia Masingasinga nawafahamu tangu utotoni. Mafundi waliokuwa wakifufua malori ya marehemu baba yangu Tanga, wengi walikuwa wao.

Baba alianza utingo, akawa dereva wa Dar es Salaam hadi Lusaka kupitia Tunduma. Ukimuuliza Tunduma ni mbali kiasi gani, alijibu kwa siku, na siku zenyewe alizokuwa akizihesabu zilikuwa za kusimama. Nilikua nikidhani lori ni kitu kinachosimama.

Bandarini Dover jambo la kwanza ni polisi wa Ufaransa, tena ndani ya ardhi ya Uingereza. Nchi hizi mbili zimekubaliana kila mmoja akague upande wa mwenzake, kwa hiyo unaingia Ufaransa kabla hujaiacha Uingereza. Pasi ya mzee ikagongwa muhuri. Kwa miaka mingi alipita hapo akiionyesha tu kwa mbali. Wakati huo alikuwa akihesabu mihuri kwenye kalenda ya simu, kwa sababu Mwingereza haruhusiwi kukaa Ulaya zaidi ya siku 90 katika kila siku 180, na dereva hana msamaha. Mimi nimezoea mihuri tangu mpakani Horohoro. Yeye kila ulipopigwa alikunja uso kidogo, kama mtu anayedungwa sindano.

Tukapanda meli saa nne usiku. Kwetu kivuko ni Pangani: unaingia, unahesabu mbuzi na baiskeli, umefika Bweni. Hapa lori lenye urefu wa nyumba tatu linapanda ngazi ya chuma, mtu mwenye koti la manjano anakuita kwa vidole, sogea, sogea, hadi kioo chako kinakaribia kulibusu tela la jirani. Unazima, unavuta breki, unachukua koti na chaja. Meli ikishang'oa huruhusiwi kushuka tena huku chini. Kuna harufu ya dizeli na chumvi, na minyororo inayolialia sakafuni.

Kuvuka ni dakika 90 hivi, na bahari yenyewe pale penye wembamba haizidi sana kilomita 33. Madereva wana ukumbi wao mbali na abiria wa magari madogo, na chakula chao. Mzee, pamoja na sambusa zake saba, akachukua sahani. Ananiambia zamani ukumbi huo ulijaa moshi na bia, watu wakinywa Dover na kuendesha Calais, na hakuna aliyeona ajabu. "Wale wazuri walikufa," akasema, kisha akafikiri kidogo: "Na wale wabaya pia."

Alikaa karibu na mlango. Anakaa karibu na mlango kila mara. Tarehe 6 Machi 1987 meli ya Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, kuja Dover na milango yake ya mbele ya kupakilia magari ikiwa wazi. Maji yakaingia kwenye sitaha ya magari, na sitaha ya magari haina kuta za kuyagawanya maji. Yakikimbilia upande mmoja, meli inafuata. Ililala ubavu dakika chache tu baada ya kutoka bandarini, na watu 193 wakafa. Mzee alikuwa amesafiri ndani ya meli hiyohiyo majira yale ya baridi. Anakumbuka mashine ya kahawa ilikuwa mbovu. Siku tunapovuka hakunieleza haya mfululizo. Aliyatoa vipande vipande, kipande kimoja anakula, kingine anajifuta mdomo. Nilipomuuliza kama sasa milango inaangaliwa, alisema ndiyo, nahodha anaona kila kitu kwenye skrini. Hakuhama kiti.

Nikamuuliza basi miaka mizuri ilikuwa ipi. Hakusita: kuanzia 1 Januari 1993. Siku hiyo soko la pamoja la Ulaya lilianza na ukaguzi wa forodha kati ya nchi wanachama ukaondolewa. Alhamisi ulikuwa mwizi mpaka uthibitishe vinginevyo, Ijumaa unapita na mzigo wako kama unayekwenda kijiji cha pili. Dover kulikuwa na watu wengi walioishi kwa kazi ya uwakala wa forodha, na kazi ikawaishia. Kuna wakala aliyekuwa akimwandikia mzee karatasi kwa miaka kumi. Alimkuta mwaka huo akiendesha teksi, akampeleka stesheni bila kumtoza. Ile hali ilidumu miaka 28. Dereva aliyeanza kazi mwaka 2000 alizeeka barabarani bila kujua tamko la forodha linafananaje.

Lakini miaka hiyohiyo ndiyo iliyoleta ukaguzi wa aina nyingine, na huo ni wa kurudi. Maofisa wa Uingereza wanakukagua Calais. Wanaingiza mrija kwenye tela kupima hewa ya pumzi za watu, wana mbwa, wana kifaa kinachosikia mapigo ya moyo. Akikutwa mtu, faini mwaka 2022 ilifika pauni 2,000 kwa kila kichwa, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 10,000. Kwa hiyo kabla ya kufika bandarini unazunguka tela na tochi, unavuta kila kamba, unapanda kuangalia paa, unaandika saa. Mzee anaifanya kazi hiyo kimya. Mwaka 2000 Wachina 58 walikutwa wamekufa ndani ya lori pale Dover. Mwaka 2019 Wavietinamu 39 ndani ya tela huko Essex. Hilo hasimulii.

Mara yangu ya kwanza kurudi, foleni ilisimama karibu na uzio wa Calais. Vijana watano walikuwa wamekaa kwenye majani, Wasudani nadhani. Mmoja akaniona mimi, mtu mweusi, juu kwenye kabini, akanipungia mkono kama mtu anayemfahamu. Sikujua nifanye nini na mkono wangu.

Usiku huu tulikuwa tunakwenda, haturudi. Meli ikikaribia Calais, skrini za ukumbini zinaonyesha namba za malori na rangi. Kijani, unatoka moja kwa moja. Chungwa, unakwenda maegesho ya forodha. Madereva wote wanainuka kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Kijana wa Kipolandi akapiga meza kwa furaha. Namba yetu ikatokea.

"Chungwa," akasema mzee, kwa sauti ya mtu anayekuambia kuna manyunyu nje.

Tulishuka saa sita na nusu usiku kwa saa za Ufaransa, ambazo ziko mbele kwa saa moja, tukahamia upande wa kulia wa barabara, tukaenda kuegesha. Ofisa alikuwa na adabu. Mmoja kati ya wale kumi na mmoja, uzito ulioandikwa kwenye karatasi zake haukulingana na uzito wa mapaleti yake. Wakala aliyejaza ile karatasi alikuwa amelala kwake Uingereza, na simu yake pia ililala. Mapaleti 24 yenye karatasi safi yakakaa kuwasubiri wenzao wawili.

Asubuhi ilitukuta palepale. Wakala akapatikana saa tatu, akaomba radhi, akaahidi saa nne. Saa nne akaahidi saa sita. Saa sita mzee akacheka: zamani, anasema, ukifika dirishani saa sita ndiyo umekwisha, dirisha linafungwa kwa chakula cha mchana na unarudi saa nane. Ulibeba karatasi zako kwenye mkoba wa ngozi, dirisha hadi dirisha, na ukikosa muhuri Jumamosi mchana umekwama wikendi nzima, maana Ufaransa malori makubwa hayaruhusiwi barabarani kuanzia Jumamosi usiku hadi Jumapili usiku. Mzigo wa TIR, ule wa kwenda mbali, Uturuki na Iraki, turubai lake lilishonwa na waya mmoja mrefu uliopita kwenye kila tundu kuzunguka tela lote, ncha zake zikafungwa kwa lakiri ya madini ya risasi. Ofisa akitaka kuona ndani, unauchomoa waya wote. Akiridhika, unaurudisha. Januari, bila glavu, kwa sababu glavu haziingii kwenye matundu. Akanionyesha kidole chake cha shahada cha kushoto, hakikunjiki vizuri.

"Na ulikuwa unafanya nini muda wote huo?" nikamuuliza.

"Muda upi?"

Jirani yetu, kijana wa miaka kama 30, alikuwa amesimama nje akiitukana simu yake. Alishatembea kwenda ofisini mara sita. Mzee alivua viatu, akaviweka chini ya kiti, akalala nusu saa, akaamka, akanyoa.

Ikalia simu yangu. Mama, kutoka Tanga.

"Umefika, baba?"

"Shikamoo mama. Bado. Tuko forodha."

"Marahaba. Tangu lini?"

"Tangu usiku."

Akanyamaza kidogo, nikasikia redio yake. "Wamesema mngoje mpaka saa ngapi?"

"Hawajasema."

"Basi pikeni," akasema. "Baba yako Tunduma, wasiposema saa, alikuwa anapika."

Nilimtafsiria mzee. Alikuwa tayari ameinama nje kwenye sanduku la pembeni mwa tela, anatoa jiko la gesi, sufuria moja iliyopondeka na kopo la maharage. Akauliza kama mama yangu anatumia vitunguu.