Siku moja na mali ya wakfu, kutoka Chanika hadi Kariakoo

Hii ni siku ya msimamizi wa wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu ili mapato yake yahudumie wanufaika, hapa madrasa.

Saa 12:30 asubuhi. Kiwanja kitupu hukaguliwa mapema, kabla foleni ya Barabara ya Nyerere haijakaza. Leo ni zamu ya Chanika. Vifaa ni nakala ya ramani ya upimaji, futikamba ya mita 50 na panga la kufyekea. Namba iliyo kwenye bikoni, jiwe la mpaka, ilingane na ya kwenye ramani, kisha pima jiwe hadi jiwe. Tofauti ya sentimita kumi yaweza kuwa futikamba imelegea. Ikifika mita nzima, jiwe limehamishwa. Usilirudishe mwenyewe: hiyo ni kazi ya mpima ardhi mwenye leseni, na ukiligusa umeuharibu ushahidi wako.

Uvamizi hauanzi na nyumba. Huanza na kifusi, likaja banda la mama lishe, yakafuata mabati, na mwisho barua ya kuuziana yenye mashahidi watatu. Muda wa kudai ardhi kisheria ni miaka 12, kwa hiyo barua ya kupinga iandikwe kwenye hatua ya kifusi, na picha zenye tarehe zipigwe kila mwezi.

Saa 3:00, fremu za Kariakoo. Ugonjwa wa hapa ni kilemba, pesa ya kuachiana fremu. Mpangaji analipa wakfu 400,000 kwa mwezi, naye kampangisha mwingine kwa 900,000. Akiondoka, "anauza" fremu isiyo yake. Dawa yake ni kuuliza aliyemo ndani anamlipa nani, kulinganisha kodi na fremu tatu za jirani, na mkataba usiozidi mwaka mmoja au miwili. Anayeomba kuchimba stoo chini ya jengo anakataliwa papo hapo; baada ya ghorofa kuporomoka mtaa huu Novemba 2024, hilo halina mjadala.

Saa 5:30, makaratasi. Swali la kwanza ni hati iko kwa jina la nani. Wakfu hauuzwi, haurithiwi wala hautolewi zawadi; ndivyo Umar ibn al-Khattab, swahaba wa Mtume, alivyoifunga ardhi yake ya Khaybar. Lakini Msajili wa Hati anasoma jina, hasomi nia. Jina likibaki la marehemu aliyeweka wakfu, wajukuu watafungua mirathi na kiwanja kitaorodheshwa humo. Wadhamini wasajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, hati ihamie kwa bodi yao, na mdhamini akifariki RITA waarifiwe, la sivyo mkataba utasainiwa na watu ambao daftari haliwatambui. Kodi ya pango la ardhi italipwa kwa namba ya malipo, risiti ikae jaladani.

Adhuhuri, kisha wali maharage.

Saa 8:30, mwekezaji. Anataka kujenga ghorofa tatu, achukue kodi miaka 15, kisha akabidhi. Ni njia nzuri kwa wakfu wenye ardhi usio na fedha, na unaokwepa riba. Hatari imejificha kwenye vipengele vinne. Miaka 15 inahesabiwa kuanzia kibali cha ujenzi au kuanzia jengo kukamilika? Ikiwa ni kukamilika, ataishia ghorofa ya pili na saa haitaanza kamwe. Hati isiwekwe rehani benki. Jengo litakabidhiwa katika hali gani: lifti, mabomba, paa? Na hatimiliki yenyewe imebakiza miaka mingapi? Ya miaka 33 iliyokwisha tumika 20 haibebi mkataba wa 15. Kama kiwanja ni cha makazi, matumizi yabadilishwe kwanza, ndipo kiombwe kibali cha ujenzi.

Kuna atakayependekeza kuuza Kariakoo ili tupate ekari nyingi Kigamboni. Shafii, madhehebu ya wengi wetu pwani, ni wagumu mno kwenye kuuza wakfu. Swali hilo ni la masheikh, si la kikao cha wadhamini.

Saa 10:30, hesabu. Fremu sita zimelipa miezi sita kwa mkupuo: 14,400,000. Wapangaji wamekata kodi ya zuio ya asilimia 10 ya TRA, mamlaka ya mapato, 1,440,000. Dai cheti cha kila mmoja. Zimebaki 12,960,000, sawa na 2,160,000 kwa mwezi, na huo ndio mgawo. Ukigawa zote leo, miezi mitano madrasa haina kitu. Tena matengenezo hutangulia wanufaika. Paa la fremu ya nne linavuja, fundi kataja 700,000 kwa bati na mfereji. Kwa hiyo mwezi huu inabaki 1,460,000, itoke posho ya msimamizi kama mwekaji wakfu alivyoandika, na salio liende madrasa kwa hundi yenye saini mbili.