Mfanyakazi wa shamba anafundishwa kupiga dawa, ila nani anamfundisha kusema?

Ukiangalia mafunzo wanayopewa wafanyakazi wa mashambani utakuta karibu yote ni mashine na dawa, jinsi ya kuchanganya, kuendesha trekta, kukamua, kupogoa. Sawa, lazima yawepo. Lakini vitu vingi vinavyoharibika shambani haviharibiki kwa sababu mtu hajui kazi, vinaharibika kwa sababu hakumwambia mwenzake.

Chukua ng'ombe wa maziwa. Mmoja ana ugonjwa wa kiwele, asubuhi kachomwa antibayotiki, kwa hiyo maziwa yake hayaruhusiwi kuuzwa mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa. Wa zamu ya asubuhi anajua, kamaliza, kaondoka. Wa jioni anaingia hana habari, anamkamua kama wengine, maziwa yanamiminwa kwenye tanki la kundi zima, na kiwandani wakipima wakakuta dawa wanakataa mzigo wote. Hao wawili kukamua wanajua vizuri tu! Kilichokosekana ni dakika mbili za kukabidhiana zamu: ng'ombe yupi, kapewa nini, lini, utepe wa kumtambulisha kafungwa mguu gani, halafu anayepokea arudie kwa maneno yake alichosikia. Hiyo kurudia ndiyo watu wanaiona ya kitoto na ndiyo inayookoa.

Sasa tuje kwa nyapara, maana hapa ndipo naumia zaidi. Anachaguliwaje? Mara nyingi ni yule aliyekuwa anachuma haraka kuliko wote, basi anakabidhiwa watu na lengo la siku, hakuna aliyemfundisha kugawa mistari ya kuchuma bila upendeleo, au kumrekebisha mtu pembeni badala ya kumwaibisha mbele ya wenzake, au kusikiliza lalamiko mpaka mwisho. Anachojua ni kufoka kwa sababu na yeye alifokewa. Matokeo yake watu wanaanza kuficha, bomba linavuja mtu ananyamaza, anaumwa kichwa baada ya kupiga dawa ananyamaza, na shamba linaendeshwa na mtu ambaye habari za kweli hazimfikii.

Na haki ipo kwenye karatasi. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unahusu usalama na afya kwenye kilimo na unasema mfanyakazi akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kuna hatari kubwa iliyo karibu anaweza kujiondoa, amjulishe msimamizi wake mara moja, na asiadhibiwe kwa hilo. Vizuri sana, ila kibarua ambaye hajawahi kumwambia bosi neno "hapana" ataanzia wapi? Hicho kitu kinafanyiwa mazoezi, wawili wawili, mmoja nyapara mwingine mfanyakazi, halafu wabadilishane.

Tena yafanyikie shambani kabla kazi haijaanza, siyo darasani na makaratasi, wengi shule waliiacha mapema na kalamu inawatisha. Mashamba darasa ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, yalipoanza Indonesia mwaka 1989 kwenye mpunga yalikuwa ya wadudu na mimea, lakini wakulima walikuwa wanakagua shamba kwa vikundi, wanachora walichokiona, halafu mmoja anasimama kuwaeleza wengine. Mtu anajifunza wadudu na papo hapo anajifunza kuongea mbele ya watu na kutetea hoja yake, kwa nini tusiibe mtindo huo kwa vibarua?

Wenye mashamba wanasema hawa ni wa msimu, wataondoka, ya nini kuwafundisha. Mimi naona kama hela ni kidogo waanze na manyapara, hao wengi wanarudi kila msimu, na muda wa mafunzo ulipwe kama kazi nyingine, maana anayelipwa kwa kilo ukimtoa shambani nusu saa bila malipo umemkata mshahara, na akili yake yote itakuwa kwenye mstari aliouacha.