Apophis kupita uani kwetu

Jana usiku nilisoma habari za Apophis, asteroidi (jiwe kubwa la angani linalozunguka Jua) yenye upana wa zaidi ya mita 300, nikacheka peke yangu kwa furaha. Tarehe 13 Aprili 2029 itapita umbali wa takriban kilomita 32,000 kutoka uso wa Dunia, yaani chini ya zile setilaiti za mawasiliano zilizo kwenye kimo cha kilomita 36,000 hivi, kama mgeni anayekatiza uani bila kupiga hodi. Ilipogunduliwa mwaka 2004 ilizua hofu kubwa, lakini vipimo vya rada vya mwaka 2021 viliondoa uwezekano wa kutugonga kwa angalau miaka 100 ijayo. Naisubiri kwa hamu, maana (na hili ndilo linalonifurahisha zaidi) wengi wataiona kwa macho matupu, bila darubini.