Karai langu na meno ya mwanangu

Mwaka wa kumi na moja huu nakaanga viazi Langoni, mtaa wa hapa Amu, yaani mji wa Lamu. Jioni ni chipsi na viazi karai, na asubuhi nilikuwa na meza ndogo karibu na shule: soseji, chipsi za mfuko wa shilingi 30, soda baridi. Viazi vyatoka bara, vinashushwa Mokowe, vinavuka kwa boti, kisha punda anamalizia safari. Kwa taabu yote hiyo, gunia likiisha naona nimekula jasho langu la halali. Mtu akija kuniambia chakula changu chaharibu watoto, jibu langu lilikuwa moja: wana wazazi wao.

Mwaka jana jibu hilo likanirudia mlangoni. Kijana wangu wa miaka minane aliamka usiku analia, shavu limefura kama amebana limau. Asubuhi tukampeleka kwa daktari wa meno. Akamulika tochi, akahesabu: magego manne ya utotoni yametoboka, moja la kung'olewa siku hiyo hiyo. Akaniuliza mtoto huwa anakunywa nini. Nikasema maji. Mtoto, pamba ingali mdomoni, akatikisa kichwa.

Soda alikuwa akizipata kwa sababu yangu mwenyewe. Mama yake akimpa shilingi 50 ya matumizi, anakuja mezani kwangu saa nne, nampa mfuko wa chipsi bure, na hiyo 50 anakwenda kununua soda kwa jirani. Chupa ikinibakia jioni namletea nyumbani. Nilidhani hayo ndiyo mapenzi.

Usiku nikawa nasoma kwenye simu, kwanza nikitafuta wa kunitetea. Nikampata Marekani. Mwaka 2002 wasichana wawili wa New York, pamoja na wazazi wao, waliishitaki McDonald's kwa unene na maradhi yaliyowapata. Mwaka 2003 Jaji Robert Sweet akaitupa kesi. Kesi iliendelea kuburutwa kwa rufaa miaka kadhaa, lakini mimi nilishika hoja ya jaji: mtu anayejua, au aliyepaswa kujua, kwamba kula kupita kiasi chakula cha aina hiyo kunadhuru, hawezi kumlaumu muuzaji. Nilifurahi kama niliyeshinda kesi mimi. Kisha lile neno "anayejua" likanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi nikaanza na cha kujulikana. Nilinunua soda ya nusu lita, tukakaa chini mkekani mimi na kijana. Lebo ilisema gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100, yaani gramu 53 chupa nzima. Kijiko cha chai hubeba kama gramu nne. Nikampa kopo la sukari na kisahani, nikamwambia ateke na kuhesabu kumi na tatu. Alipofika cha tisa akasimama, akaniangalia kuona kama namchezea. Akamaliza. Kile kilima kikawa kinamwagika pembeni ya kisahani na sisimizi wa kwanza ameshafika. Nikamwambia Shirika la Afya Duniani lasema hata mtu mzima ni bora asizidi gramu 25 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku, kama vijiko sita.

Mama yake, aliyekuwa akichambua mchele kimya, akasema bila kuinua kichwa: "Sasa teka na ya chai ya baba yako."

Vijiko vitatu kikombe, vikombe vinne kwa siku. Kisahani cha pili kilikaribia kulingana na cha kwanza. Sikuwa na la kusema. Tangu usiku ule nimeshuka hadi kijiko kimoja, na wiki mbili za mwanzo chai ilikuwa kama maji ya kuoshea sufuria.

Ile 50 tukaikata. Badala yake akawa anabeba muhogo wa kuchemsha na ndimu, au mkate na kipande cha samaki, na chupa ya maji. Siku ya nne nikagundua muhogo anaubadilisha na mwenzake kwa nusu soseji. Sikuweza hata kukasirika. Biashara ameirithi kwangu. Na soseji yenyewe ilitoka mezani kwangu.

Hapo ndipo nilipoona kwamba nyumbani nalima na shuleni nafuga mbuzi. Nikaacha kuwauzia watoto wenye sare saa ya mapumziko. Wiki ya kwanza nilipoteza karibu pato lote la asubuhi, na sikuokoa mtoto hata mmoja, maana walivuka kichochoro wakanunua kwa jirani. Jirani akaongeza karai la pili.

Kuna jambo jingine ambalo ni aibu kuliandika. Mafuta. Nilikuwa nakaangia mafuta yale yale siku nne, tano, mpaka yanakuwa meusi na kutoa povu, nikiyaongezea mapya juu. Chipsi zikitoka, ukizimwagia ukwaju na pilipili, hakuna mteja anayeonja tofauti. Soda ina lebo. Karai langu halina. Mzazi aweza kuwa makini kama mizani ya sonara, lakini umri wa mafuta yangu haujui, nami ndiye pekee niujuaye. Afisa anayekagua vibanda hutazama cheti changu cha afya, hutazama maji, jaa la taka, aproni. Hajawahi kuniuliza mafuta haya yameingia motoni mara ngapi. Sasa nayachuja kila usiku, siku ya pili ikiisha nayamwaga. Faida imepungua, na bei sikuweza kupandisha kwa sababu wenzangu hawakupandisha.

Ndiyo maana kodi ya soda ya Uingereza ilinivutia. Ilitangazwa 2016, ikaanza Aprili 2018, na hutozwa kwa kiasi cha sukari: chini ya gramu 5 kwa mililita 100, hakuna kodi. Kampuni nyingi zilipunguza sukari kabla siku yenyewe haijafika. Zilipunguza kwa pamoja, kwa hiyo hakuna aliyeachwa peke yake kama nilivyoachwa mimi na meza tupu.

Kwetu hakukuwa na kodi ya kungojea. Nikaenda kwa mwalimu mkuu, akatuita wauzaji wote sita barazani baada ya Alasiri. Nikahutubu sana. Bi mmoja wa makamo, anayeuza bajia na barafu, akanisikiliza mpaka mwisho akasema: "Mwanangu, hiyo amri yako yatuuma sisi. Wewe una karai la jioni." Kweli tupu. Tukabishana kahawa ikapoa. Mwishowe tukakubaliana: saa ya mapumziko hakuna soda, soseji wala chipsi, ni muhogo, mahindi, matunda, mayai, maji. Yule bi nikampa nafasi yangu iliyo karibu kabisa na lango, na gunia la kwanza la muhogo nikamlipia mimi. Anauza kuliko alivyouza bajia, ingawa hakubali kusema hivyo mbele yangu.

Tulikwenda vizuri muhula mzima. Kijana alipunguza sukari, gego jipya lilianza kuchomoza, na muhogo akaacha kuubadilisha kwa vile soseji hakuna wa kuleta.

Muhula huu akaja kijana mgeni na mkokoteni wa soseji, soda zimepangwa kwenye barafu. Nikamfuata kwa heshima, nikamweleza makubaliano yetu. Akanionyesha leseni yake ya kaunti, imefungwa kwa plastiki safi. Katiba yetu ya 2010 inaipa kaunti kazi ya kutoa leseni kwa wauza chakula, kwa hiyo huko ndiko naenda wiki ijayo na mwalimu mkuu. Lakini siku ile sikuwa na karatasi yoyote mkononi.

"Ami," akaniambia kwa adabu kabisa, "si wana wazazi wao?"

Nikanunua kwake yai moja la kuchemsha, nikamlipa, nikaenda zangu.