Jinsi nilivyoratibu maandalizi ya ithibati katika shule yetu ya tiba ya wanyama

Nilipokabidhiwa jukumu la kuratibu ripoti ya tathmini ya ndani ya shule yetu ya tiba ya wanyama, nilikuwa nimefundisha patholojia, yaani elimu ya magonjwa na uchunguzi wa mizoga, kwa miaka kadhaa bila hata mara moja kujiuliza ni nani hasa anayethibitisha kwamba tunafaa kutoa madaktari. Nilidhani ni wizara. Kumbe kibali cha serikali cha kuendesha shule ni jambo moja, na ithibati ya kitaaluma, inayotolewa na watu wa fani yenyewe baada ya kuja kujionea, ni jambo jingine kabisa.

Nilianza kwa kusoma namna wengine wanavyosimamiwa. Nchini Marekani kazi hiyo hufanywa na Baraza la Elimu la chama cha madaktari wa wanyama, AVMA, kwa kutumia viwango 11 vinavyogusa kila kitu, kuanzia fedha na majengo hadi matokeo ya wahitimu. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1966 ilikipa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Wanyama, RCVS, mamlaka ya kusimamia mafunzo ya madaktari hao. Ulaya kuna EAEVE, jumuiya ya shule za tiba ya wanyama iliyoundwa mwaka 1988, na hiyo ndiyo tuliyoiomba itukague. Taratibu zao zinatofautiana, lakini zote zinarudi kwenye swali ambalo Shirika la Afya ya Wanyama Duniani nalo lililiwekea miongozo mwaka 2012: siku ya kwanza ya kazi, akiwa peke yake mbele ya mnyama, mhitimu anaweza kufanya nini?

Rasimu yangu ya kwanza haikujibu swali hilo. Nilieleza falsafa ya mtaala wetu kwa kurasa nyingi, nikampelekea mwenzangu mmoja aliyewahi kuwa mkaguzi kwingineko, naye akanirudishia akiwa ameandika neno moja pembeni mwa karibu kila aya: ushahidi? Niliumia, lakini alikuwa sahihi. Wakaguzi wanataka hesabu: mbwa na paka wangapi walitibiwa hospitalini mwenu, ng'ombe wangapi wanafunzi waliwafuata mashambani, mizoga mingapi ilifunguliwa, yaani ilipasuliwa na kuchunguzwa. Huchukuliwa wastani wa miaka 3 kamili ya masomo, kisha ukagawanywa kwa idadi ya wanaohitimu kila mwaka. Nilipoielewa hesabu hiyo ndipo nilipoona hatari ambayo hatukuwa tumeijadili kwenye kikao chochote, kwamba shule ikiongeza wanafunzi bila kuongeza wanyama itashuka viwango, hata kama mihadhara na walimu ni walewale.

Kwa upande wa mizoga nilijiamini, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Niliketi na rejista za miaka hiyo mitatu, mstari kwa mstari. Kwenye ukurasa mmoja nilikuta ndama 6 wameandikwa kwa mwandiko wa mtu mmoja, na kando ya wanne kati yao pana alama ndogo ya penseli, mfano wa msalaba. Nilimwuliza fundi wa chumba cha uchunguzi, mzee aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, alama hiyo ina maana gani. "Hao walikwenda tanuruni moja kwa moja, Daktari," alinijibu. "Hawakufunguliwa." Kwa hiyo ndama 6 wa rejista walikuwa ndama 2 wa mafunzo, na kwa miaka yote tulikuwa tukiripoti mizoga iliyopokewa kana kwamba wanafunzi wameichunguza yote. Baada ya kusahihisha, idadi ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe ilishuka chini ya kiwango kinachotakiwa.

Walikuwepo walioshauri tuache takwimu za zamani zilivyo. Nilikataa, na ninamshukuru mkuu wa shule kwa kusimama nami, kwa sababu ripoti ya namna hii ikishabainika kuwa na tarakimu moja ya uongo, hakuna atakayeziamini nyingine. Tuliandika upungufu wetu waziwazi, tukaambatisha mpango ambao tayari tulikuwa tumeuanza: makubaliano na wafugaji wa jirani watupigie simu mnyama anapokufa, na gari lenye winchi la kuuleta mzoga mapema, kwani mzoga wa ng'ombe ukichelewa kwenye joto hauna tena cha kumfundisha mtu.

Wakaguzi walikaa nasi kwa juma moja, na miongoni mwao alikuwamo mwanafunzi, jambo ambalo naona ni la busara sana. Vikao vya maofisini havikuwachukulia muda mwingi. Mmoja wao alimsogeza kando kijana wa mwaka wa mwisho na kumwuliza ni lini mara ya mwisho alishika kisu mwenyewe, si kumtazama mwalimu. Mwingine alisimama kwa muda mrefu nje ya jengo la kutengea wanyama wenye maradhi ya kuambukiza, akatazama tu nani anaingia na nani anatoka.

Hapo ndipo tuliponaswa. Upungufu wa mizoga ulihesabiwa kuwa mdogo, kwa kuwa mpango wetu ulikuwa umeanza kuonyesha matokeo. Lakini wanafunzi waliotoka kwenye jengo lile walipita katika ujia uleule unaopitishiwa malisho ya wanyama wasio wagonjwa, na hilo liliandikwa kuwa kasoro kubwa. Ithibati yetu ikasimamishwa hadi tulipovunja ukuta, kuweka mlango wa pili na chumba cha kubadilishia mavazi na viatu. Walirudi kukagua marekebisho, wakaridhika, na ithibati ikatolewa.

Ukaguzi kamili hurudi baada ya miaka 7, ila katikati, baada ya miaka mitatu na nusu, kuna ripoti nyingine ya kuwasilisha, na hiyo ndiyo ninayoiandaa sasa. Rejista ya mizoga ina safu mpya yenye neno "Umefunguliwa". Huijaza mwanafunzi aliyeufungua mzoga, siku ileile, kwa kalamu ya wino, na mwalimu hutia saini chini yake kabla ya kuvua buti.