Mchoro wangu uliishia kufungia vidonge

Nilipokabidhiwa kazi ya kuwaelimisha wagonjwa wanaoanza tiba ya homoni kwa ajili ya endometriosisi, ugonjwa wa wanawake unaoleta maumivu, muuguzi aliyenitangulia aliniusia nisiwaeleze mengi, kwa kuwa mgonjwa akitajiwa maudhi ya dawa huogopa na kuikataa. Niliufuata ushauri huo kwa utiifu ambao hadi leo unaniudhi.

Mgonjwa wangu wa kwanza aliandikiwa dienojesti, kidonge cha homoni, miligramu 2 kila siku bila kupumzika. Nilimchorea mji wa mimba na ovari, mchoro niliojivunia mno, nikamfafanulia jinsi katika ugonjwa huu tishu inayofanana na utando wa ndani ya mji wa mimba inavyoota pasipo mahali pake na kuchochewa na estrojeni, kisha nikafunga kwa maneno mawili: "Damu itakoma." Wiki ya tano alirudi akiwa ameacha dawa. "Sista, ulisema damu itakoma, nami natokwa na matone kila siku. Nikajua dawa imenikataa." Matone hayo ni ya kawaida katika miezi ya mwanzo, na kwa wengi hupungua kadiri dawa inavyoendelea, lakini hilo ndilo nililomficha. Vidonge vilivyobaki alikuwa amevifunga ndani ya mchoro wangu.

Siku hizi naanza na matone, kabla hata ya kutaja faida. Kisha namwomba mgonjwa awe muuguzi, nami nakuwa dada yake mbishi. "Ukimaliza vidonge utakuwa umepona?" Akijibu ndiyo, najua sijafundisha kitu, kwa sababu homoni huutuliza ugonjwa bila kuung'oa, na maumivu yanaweza kurudi dawa ikiachwa. "Basi mimba haiwezi kuingia?" Hapo wengi huteleza, kwani dienojesti peke yake haihesabiwi kuwa njia ya uzazi wa mpango, na kondomu bado inahitajika. Wanaochomwa sindano za kutuliza ovari nawatahadharisha kwamba maumivu yanaweza kuzidi katika wiki mbili za mwanzo. Vidonge vya majira vyenye estrojeni siviongelei kabla ya kuuliza habari za kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, maana kwa mwenye hali hiyo huongeza hatari ya kiharusi.

Yule wa kwanza alikubali kuanza upya, safari hii akiwa na kalenda ya kuandikia siku za matone na kiwango cha maumivu, kuanzia 0 hadi 10. Mwezi wa nne wa dawa aliniletea kalenda yenye nafasi nyingi tupu, na nyuma yake alikuwa amechora mji wa mimba, mzuri kuliko wangu.