Goti la Tanga, baridi ya Odense

Kila nikimwambia mama goti linauma, jibu lake ni moja: "Si nilikwambia mwanangu, hiyo baridi ya Ulaya itakumaliza." Miaka miwili nami niliamini hivyo. Nikavaa suruali mbili, nikalala na chupa ya maji moto. Asubuhi mguu unaamka mgumu kama mlango uliovimba kwa mvua. Mpaka nizunguke chumbani ndipo ulegee. Kupanda ngazi afadhali, kushuka ndiyo balaa.

Daktari hapa Odense, Denmark, alilikunja goti, likalia kama mtu anatafuna karanga. Akaniuliza swali moja: uliwahi kuumia?

Kuumia! Mwaka 2005, nina miaka 19, mechi ya ndondo, uwanja wa vumbi kule Tanga. Nimegeuka na mpira, mwili ukaenda kushoto, mguu ukabaki palepale. Nikasikia "pwa!" Jioni goti limejaa kama boga. Hospitali hatukwenda. Akaitwa mzee wa mtaani, mkandaji hodari, akanikanda kwa mafuta ya nyonyo wiki tatu hadi uvimbe ukaisha. Nikarudi uwanjani. Goti likawa linaniponyoka mara moja moja, nalifunga bandeji, twende kazi. Tulijiona wanaume.

Daktari anasema siku ile huenda ligamenti ya katikati ya goti ilikatika. Goti likikosa ile kamba, mifupa inateleza na gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, linakwanguka. Nalo gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo halifungi kama kidonda cha ngozi. Halina hata mishipa ya fahamu: linaliwa kimyakimya, wewe unacheza mpira. Wadenmark wanauita ugonjwa huu slidgigt, na hilo "slid" ni kuchakaa. Karibu nusu ya wanaokatika ligamenti hiyo wanaupata ndani ya miaka 10 hadi 20, wakiwemo waliofanyiwa upasuaji. Kwa hiyo mzee wa watu simlaumu sana.

Nikaomba goti la bandia. Nikaambiwa bado kijana, na la bandia nalo huchakaa. Nikapelekwa kwenye mazoezi ya GLA:D, mpango ulioanza 2013 katika chuo kikuu cha hapahapa Odense: darasa mara mbili, mazoezi mara 12. Unakaa kitini, unainuka, mbele ya kioo, goti lisiingie ndani. Basi. Wenzangu wote wa umri wa bibi yangu, na mmoja wao hanipitishii kosa hata moja. Maumivu hayajaisha, ila ngazi nashuka bila kushika ukuta. Ubwabwa nimepunguza pia, maana kila kilo unayopungua inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Msikitini bado naswali kwenye kiti, safu moja na wazee. Ijumaa ya kwanza niliona haya hadi nikachelewa makusudi.

Juzi mama katuma picha. Mpwa wangu, miaka 17, kaumia mpirani. Goti boga lilelile, chupa ya nyonyo iko pembeni, na mtoto wa yule mzee keshakunja mikono ya shati.

Nilipiga simu saa hiyo hiyo, niko kazini, zamu ya usiku.

"Mama, mwambie asimguse. Nauli ya hospitali natuma sasa hivi."

"Haya. Na wewe huko, umevaa soksi?"